«Upepo» katika Bomba la Pamba

Mkulima wa pamba wilayani Maswa, mkoani Simiyu, hubeba sumu mgongoni. Mfasiri wa maelekezo ya bomba linalojazwa hewa akiandika «ondoa kanieneo kabla ya kufungua kifuniko», hakosei kifizikia. Ila asiyemwelewa hufungua, na dawa humrukia usoni. Je, iwe «toa upepo», kama isemwavyo kwa fundi wa magurudumu? Hatukubaliani. Maelekezo hayohayo humkataza mkulima kunyunyizia akiukabili upepo, na neno moja halifai kubebeshwa hatari mbili. Twapendekeza «hewa» kwa iliyomo tangini, «upepo» kwa uvumao shambani. «Kanieneo» libaki darasani, ambako halimdhuru mtu. «Nozeli» haitusumbui, mradi mtumiaji aambiwe waziwazi asiizibue kwa kuipuliza kwa mdomo.