Nani Mwenye Kauli ya Mwisho? Laha za Mitindo za Mtumiaji na Mahitaji ya Kiswahili katika Kivinjari cha Firefox

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili na teknolojia katika ukanda wetu imejikita zaidi katika istilahi: kivinjari kiitwe kivinjari au kisakuzi, faili ihifadhiwe au itunzwe. Mijadala hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, imeacha nyuma swali ambalo mtumiaji hukutana nalo hata kabla ya kulipima neno lenyewe: je, neno hilo limepewa nafasi ya kuonekana lote?

Makala haya yanahakiki kipengele kisichozungumzwa sana cha kivinjari cha Firefox, yaani uwezo wa mtumiaji kubadilisha sura ya kiolesura kwa laha za mitindo anazoandika mwenyewe. Hoja yetu ni kwamba sura ya kiolesura si pambo tu. Ndani yake mna maamuzi ya kiisimu, na katika lugha ya viambishi awali kama Kiswahili maamuzi hayo huweza kuificha maana. Kwa hiyo uwezo wa kuyabatilisha ni suala la sera ya lugha, wala si burudani ya mafundi.

2. Mapatano baina ya mwandishi na msomaji

Laha ya mtindo ni orodha ya kanuni zinazokieleza kivinjari namna maandishi yatakavyoonekana: ukubwa wa herufi, rangi, nafasi baina ya mistari, upana wa kisanduku. Håkon Wium Lie alipotoa pendekezo lake la kwanza la CSS mnamo Oktoba 1994, akiwa CERN, hakumfikiria mwandishi wa ukurasa peke yake. Katika pendekezo hilo kanuni iliweza kuambatishwa asilimia iliyoonyesha kiasi cha kauli kilichoombwa. Laha moja ikiomba asilimia 40 ya kauli juu ya ukubwa wa kichwa cha habari, kiasi kilichobaki kiliachiwa laha nyingine, na ya msomaji ilikuwa miongoni mwazo. Asilimia hizo hazikudumu, lakini wazo la kugawana kauli lilidumu.

Toleo rasmi la kwanza, CSS1 la Desemba 1996, liliitambua laha ya msomaji ila likampa mwandishi ushindi: pande zote mbili zikitia alama ya !important, kanuni ya mwandishi ndiyo iliyofuatwa. CSS2 la Mei 1998 likaupindua mpangilio huo. Tangu hapo kanuni ya msomaji yenye alama hiyo huishinda ya mwandishi, na sababu iliyotolewa ni ufikivu. Mtu mwenye uoni hafifu anayehitaji herufi kubwa hapaswi kushindwa na ladha ya msanifu. Kwa maneno mengine, kiwango cha kimataifa kilikwisha kuamua nani ana kauli ya mwisho: ni msomaji.

3. Haki ya mvunguni

Uamuzi huo wa kiwango haukuheshimiwa sawasawa na watengenezaji wa vivinjari. Chrome iliacha kuisoma laha ya mtumiaji mwaka 2014, na mtu anayeitaka huduma hiyo hulazimika kutumia viendelezi. Firefox imeibakiza, tena kwa upana zaidi. Faili iitwayo userContent.css hubadilisha sura ya kurasa, na faili iitwayo userChrome.css hubadilisha sura ya kivinjari chenyewe: menyu, vichupo, vitufe na sehemu ya anwani. Hili linawezekana kwa kuwa kiolesura cha Firefox katika kompyuta nacho kimesanifiwa kwa CSS.

Hata hivyo, haki hiyo imewekwa mvunguni. Mtumiaji hutakiwa kuitafuta folda ya wasifu wake, aunde ndani yake folda iitwayo chrome, kisha aandike faili kwa mkono. Tangu Firefox 69 ya Septemba 2019, hata hayo hayatoshi. Ni lazima afungue about:config na kuiwasha mipangilio iitwayo toolkit.legacyUserProfileCustomizations.stylesheets. Sababu iliyotajwa ni kuokoa muda wa kuanza kwa programu, ili isitafute kila mara faili ambazo watumiaji wengi hawana. Sababu hiyo ina mashiko. Kinachostahili kuhojiwa ni jina. Neno legacy katika istilahi za kompyuta hutumika kwa kitu cha zamani kinachovumiliwa kwa muda. Jina hilo linamweleza mtumiaji kwamba haki yake ni masalio, ilhali katika kiwango cha CSS haki hiyo ingali hai. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini sera njema hujiuliza pia nani alikiweka mvunguni, na wangapi hawawezi kuinama.

Isidhaniwe kwamba wanaoinama ni wachache wasio na faida kwa wengine. Kwa miaka mingi watumiaji waliotaka vichupo vya wima walikificha kwa userChrome.css kisehemu cha juu kiitwacho #TabsToolbar na kuweka kiendelezi pembeni. Firefox 136 ya Machi 2025 ilivifanya vichupo vya wima kuwa sehemu ya mipangilio ya kawaida. Kilichokuwa ufundi wa kujitegemea kikawa huduma ya wote.

4. Lugha ya viambishi katika nafasi finyu

Tuje sasa kwenye kiini cha hoja. Chukulia afisa aliyefungua kurasa mbili za mfumo wa utumishi, moja ikiitwa "Maombi yaliyoidhinishwa" na nyingine "Maombi yaliyokataliwa". Vichupo vikiwa vingi, kivinjari huvibana, na maandishi hukatwa au kufifizwa mwishoni. Afisa hubaki na "Maombi yaliyo" mara mbili. Katika Kiingereza neno linalotofautisha hutangulia, na ukataji wa mwishoni hauligusi. Katika Kiswahili mwanzo wa neno hubeba upatanisho wa ngeli, njeo na urejeshi, na mzizi hufuata baadaye. Kukata mwisho ni kubakiza sarufi na kutupa maana.

Mfano wa pili ni orodha ya faili. "Vilivyohifadhiwa" na "vilivyofutwa" vina herufi saba za mwanzo zinazofanana kabisa. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza la herufi nane au tisa huweza kuyaacha maneno hayo mawili yenye maana kinyume yakiwa sura moja. Hakuna kamati ya istilahi inayoweza kulitibu tatizo hili kwa kubuni neno jipya, kwa sababu kasoro haimo katika neno bali katika kanuni inayolikata.

Hapa ndipo laha ya mtumiaji inapoonyesha thamani yake. Mstari mmoja katika userChrome.css, unaotaja .tabbrowser-tab, unaweza kuongeza upana wa chini kabisa wa kichupo kutoka pikseli 76 za kawaida hadi 220. Mstari mwingine unaweza kukuza herufi za menyu, jambo ambalo ukuzaji wa ukurasa haulifanyi, kwa kuwa huo hugusa kurasa tu. Kwa upande wa userContent.css, kiteuzi :lang(sw) kinamwezesha msomaji kuyapa maandishi ya Kiswahili nafasi na fonti tofauti na za lugha nyingine. Lakini kiteuzi hicho hutegemea ukurasa ujitambulishe katika msimbo wake kuwa ni wa Kiswahili. Ukurasa uliojengwa juu ya kiolezo cha Kiingereza bila kubadilishwa tamko hilo utachukuliwa na kivinjari kuwa wa Kiingereza, hata kama hauna neno moja la lugha hiyo.

5. Mipaka ya dawa hii

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja upungufu. Kwanza, laha ya mtumiaji hushikilia majina ya ndani ya kiolesura, nayo hubadilika toleo baada ya toleo. Usanifu mpya wa Firefox 89 wa Juni 2021 uliwalazimu wengi kuziandika upya laha zao. Pili, kuna hatari ya usalama: laha iliyonakiliwa kwa mtu usiyemjua inaweza kuificha sehemu ya anwani au onyo ambalo lingemzuia mtumiaji asidanganywe. Tatu, laha ya mtindo haitafsiri. Inaweza kulipa neno nafasi, lakini haiwezi kuisahihisha tafsiri mbovu. Nne, na hili ndilo zito zaidi kwetu, Firefox ya Android haina userChrome.css. Mwananchi ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee hana hata huo mvungu wa kuinamia.

Mipaka hii haiidhoofishi hoja. Inaonyesha kwamba marekebisho ya mtu mmoja mmoja ni ushahidi wa hitaji, si suluhisho lake.

6. Hitimisho na mapendekezo

Msingi wa kisheria upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya na Uganda mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaeleza katika ibara ya 2 kwamba mawasiliano hujumuisha lugha, uonyeshaji wa matini na maandishi makubwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7 inayohusu lugha, inaliagiza taifa kuendeleza pia teknolojia za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Lugha na sura ya maandishi zimekwisha kukaa chini ya paa moja katika sheria. Zimetenganishwa katika utekelezaji tu.

Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, kila istilahi ya kiolesura ijaribiwe ndani ya menyu, kitufe na kichupo, katika upana mdogo kabisa, kabla ya kusanifishwa. Pili, masharti ya ununuzi wa mifumo ya umma yadai kwamba kurasa za Kiswahili zijitambulishe kwa msimbo wa sw, na kwamba mfumo usivunjike msomaji anapobadilisha ukubwa wa herufi na nafasi. Kiwango cha WCAG 2.1 cha 2018 kimekwisha kutoa vipimo, kikiwemo nafasi ya mistari ya mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Tatu, wataalamu wetu wanaoshiriki kutafsiri vivinjari wawasilishe kwa watengenezaji tatizo la ukataji wa mwishoni kama kasoro ya kiisimu, pamoja na mifano, badala ya kuhangaika kufupisha maneno hadi yaenee katika kisanduku kilichopimwa kwa lugha nyingine.