Kura ya Kindu inaenda wapi?

Mwalimu wa dini mumoja wa ngambo ya muto, upande wa Alunguli, alinifikia na neno hili: «Padri, mutu wetu alipata kura nyingi kuliko yule aliyeenda kuketi Kinshasa. Tumeibiwa, ao hapana?»

Nilimujibu kwamba mbele ya kulia wizi inafaa tusome sheria. Wizi uko, hatuufichi. Kisha uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, Tume ya Uchaguzi (CENI) yenyewe ilifuta kura za watu 82 waliotaka viti, ikafuta na uchaguzi wa wadepite wa Masimanimba na wa Yakoma. Lakini kuna kura zinazopotea pasipo mwizi, na juu ya zile hakuna anayelia.

Tuhesabu kwa mufano. Muji una viti viwili, na watu 20.000 wamepiga kura. Kila kiti kina bei ya kura 10.000. Listi ya kwanza ina watu wawili: mumoja amepata 6.200, mwenzake 4.800, jumla 11.000. Listi ya pili: 4.500 na 500, jumla 5.000. Listi ya tatu: mutu mumoja, 4.000. Listi ya kwanza inalipa kiti kimoja, inabaki na 1.000 tu. Kiti cha pili kinaenda kwa baki kubwa, ndiyo listi ya pili. Basi mwenye 4.500 anapita, mwenye 4.800 anaanguka. Huo si wizi. Tena mimi naona ni haki, kwani chama kimoja kisimeze muji muzima.

Ubaya uliingia kwa sheria ya Desemba 2017. Inasema chama kisichofikisha moja kwa mia ya kura za inchi nzima hakihesabiwi popote. Turudi kwenye mufano wetu: kama listi ya pili haikufikisha, kura zake 5.000 zinatupwa, na kiti kinachukuliwa na listi ya tatu yenye 4.000. Nani atamweleza mama aliyevuka muto kwa mutumbwi alfajiri ili apige kura?

Wanaotetea sheria hiyo wana neno lao: vyama ni mamia, Baraza lenye vipande-vipande haliwezi kazi. Ni kweli. Lakini dawa hii inaua mugonjwa wa mbali. Mwaka 2023 waliopiga kura walikuwa karibu milioni 18. Moja kwa mia ni kama 180.000. Chama kilichozaliwa hapa, hata kikipendwa katika komini zote tatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli, kitafika huko namna gani? Basi mutu wa hapa anatafuta mwavuli mukubwa wa Kinshasa, na mwenye mwavuli anakuwa bwana wake kuliko sisi. Kipimo hicho kingehesabiwa katika jimbo, vyama vidogo sana vingeanguka vilevile, lakini Maniema ingepimwa kwa ratli ya Maniema.

Kuna jambo lingine. Viti 500 vinagawanywa kwa hesabu ya walioandikwa kupiga kura, si ya watu wote, kwa sababu tangu 1984 inchi haijahesabu watu wake. Mashini ya kuandika isipofika katika pori la Punia ao la Lubutu, teritware inaweza kukosa na kiti. Na washauri wa komini, mwaka 2023, walichaguliwa katika miji mikubwa ya majimbo tu. Vijiji vya Pangi na Kasongo vingali vinangoja.

Tarehe 23 Oktoba 2024, Rais Tshisekedi alisema kule Kisangani juu ya kutunga Katiba mupya, na tangu siku ile watu wanabishana juu ya Katiba. Lakini ile moja kwa mia haimo katika Katiba. Ni sheria ya kawaida, wadepite wanaweza kuibadili bila kugusa Katiba hata neno moja.

Mwalimu wangu alifuata hesabu yote kwa kijiti, akiandika muchangani. Kisha akauliza: «Na sheria hiyo ya 2017, nani aliipitisha?»

Nikamwambia: wadepite tuliowachagua mwaka 2011.