Unene na Mviringo: Uhakiki wa Fonti ya Arial Rounded MT Bold kwa Kigezo cha Jina Goweko

Katika mijadala ya uandishi wa mabango, unene wa herufi huchukuliwa mara nyingi kuwa ndio usomekaji wake. Sehemu hii inaipinga dhana hiyo kwa kulipima jina moja la kituo, Goweko, katika fonti ya Arial Rounded MT Bold, ambayo huandamana na programu za Microsoft Office na hivyo iko karibu na mkono wa yeyote anayeombwa kuandaa bango.

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, mji uliofikiwa na reli hiyo mwaka 1912. Msafara wa kale haukuhitaji bango; ulikuwa na kirangozi. Abiria wa leo hana. Tena jina la mahali halikisiwi kama neno la kawaida katika sentensi: mgeni hulisoma herufi kwa herufi, pengine kupitia dirisha la behewa linalokwenda.

Hapo ndipo udhaifu unapojitokeza. Katika GOWEKO, herufi tatu kati ya sita ni za mviringo. Kinachoitenganisha G na O ni mwanya wa upande wa kulia pamoja na kijiti cha ndani. Mistari ikinenepeshwa, mwanya hubanwa. Miisho ikiviringwa, kona ambazo jicho lingezishika hupotea. Kwa mbali, G huelekea kuwa O. E nayo ina mikono mitatu inayogombea nafasi finyu. W na K ndizo zinazobaki imara, kwa mistari yake ya mshazari.

Ritifaa ina shida kubwa zaidi. Katika NG'AMBO, jina la kata ya mjini Tabora, mteremko wa A huiachia nafasi ya kupumua. Katika NG'OA imebanwa kati ya miviringo miwili. Ikimezwa, kitenzi husomeka ngoa, yaani wivu. Hilo si suala la urembo bali la tahajia.

Hata hivyo, mviringo una hoja yake. Herufi ya plastiki ya kubandika huanza kubanduka penye kona kali, jambo ambalo mafundi wa mabango wanalijua kuliko wahakiki. Ila kona iliyopunguzwa ukali si sawa na mwisho uliofanywa nusu duara: ya kwanza huhifadhi umbo la mstari, wa pili, ambao ndio wa fonti hii, hulila. VAG Rounded ya mwaka 1979 ilifanikiwa na miisho ya aina hiyo kwa kuwa ilitumikia Volkswagen, jina ambalo mnunuzi alikwisha kulijua. Goweko haina bahati hiyo. Bango lake linahitaji mistari myembamba zaidi, kona zilizolainishwa tu, na nafasi pana kati ya G na O.