Glenn Gould na Hoja ya Kinanda

Miongoni mwa wapiga piano wa karne ya 20 ni wachache waliozusha mabishano kama Glenn Gould wa Kanada. Mabishano hayo hayakutokana na namna ya upigaji wake tu, bali hasa na uamuzi alioufanya mwaka 1964, alipokuwa na umri wa miaka 31: aliacha kupiga mbele ya hadhira, asirudi tena mpaka kufa kwake. Wako waliouita uamuzi huo woga, na wako waliouita ukaidi. Hukumu hizo yafaa zipimwe kwa kazi yake, wala si kwa masimulizi ya tabia zake.

Gould alizaliwa Toronto tarehe 25 Septemba 1932. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake, kisha akafundishwa na Alberto Guerrero, mzaliwa wa Chile, ambaye kwake alijifunza kukaa chini na kuviachia vidole kazi ambayo wengine huifanya kwa mabega. Mnamo Januari 1955 alipiga Washington, kisha New York, na mara kampuni ya Columbia ikamtaka mkataba. Juni ya mwaka huo alirekodi Goldberg Variations, kazi ya Johann Sebastian Bach iliyochapwa mwaka 1741.

Kazi hiyo huanza kwa wimbo mmoja wa taratibu, ukafuatwa na mageuzo 30, kisha wimbo ule ule ukarudi. Kinachogeuzwa si sauti ya juu ishikwayo upesi na sikio, bali mwendo wa sauti za chini zilizo msingi wa yote. Santuri ya 1955 yaimaliza safari hiyo kwa muda wa dakika 38 na nusu hivi, bila ya marudio. Wepesi wake ni wa ajabu, na katika wepesi huo kila sauti yasikika peke yake, wala hapana inayoimeza nyingine. Walakini ina upungufu: kila geuzo lang'aa kwa nuru yake lenyewe, na msikilizaji hupewa shanga nzuri zisizotungwa katika uzi.

Sababu za Gould kuiacha hadhira zilikuwa za kisanii. Alisema kwamba kumbi kubwa zilimzoeza kutia chumvi katika Bach ili asikike na aliyeketi mbali, na mazoea hayo yakaharibu upigaji wake. Tena, katika makala yake ya mwaka 1966 alieleza habari ya kipande kimoja cha Bach alichokirekodi mara kadhaa. Mara mbili kati ya hizo zilikuwa safi, lakini kila moja ikisikilizwa peke yake ilichosha. Alipozikata na kuziunga, kikapatikana kipande kilichozishinda zote mbili. Wapinzani wake huita jambo hilo udanganyifu. Lakini mtunzi afutaye ubeti na kuuandika upya haitwi mdanganyifu.

Kiswahili kina neno lisaidialo kuielewa hoja hii. Kinanda ni jina la ala ya nyuzi; tena ni jina la ala ya vibao; na gramafoni nayo iliitwa kinanda cha santuri. Jina hilo halikuiweka mashine ile pamoja na sanduku na kabati, yaani vyombo vya kuhifadhia tu, bali liliiweka pamoja na ala. Na hilo ndilo alilolishikilia Gould: kwamba studio ni ala, nayo yataka mpigaji wake.

Ushahidi mkubwa ni santuri ya pili ya kazi ile ile, aliyoirekodi mwaka 1981. Wimbo wa kwanza, ambao mwaka 1955 haukufika dakika mbili, sasa wapita dakika tatu, na kazi nzima yachukua dakika 51. Tofauti iliyo kubwa zaidi si mwendo wa polepole, bali ni kwamba mapigo ya geuzo moja yamepimwa kwa mapigo ya lile lililotangulia. Uzi uliokosekana umepatikana. Hata hivyo kuna kilichopotea, nacho ni furaha ya kijana asiyejua kuchoka. Na pengine wimbo wa mwanzo umepewa uzito kupita uwezo wake.

Gould alikosea alipoufanya uchaguzi wake kuwa sheria kwa wote. Katika makala ile ile alitabiri kwamba baada ya miaka mia moja hadhira za kumbini hazitakuwapo tena. Zaidi ya nusu ya muda huo imekwisha kupita, na kumbi zingali zikijaa, kwa kuwa watu hupenda pia kuiona sanaa ikihatarishwa mbele ya macho yao.

Alifariki tarehe 4 Oktoba 1982, siku chache baada ya kutimiza miaka 50, santuri ya pili ikiwa ndiyo kwanza imetoka. Anayetaka kuamua kama alikimbia au alichagua na azisikilize santuri hizo mbili kwa mfululizo. Aliyekimbia hairudii kazi yake ya kwanza baada ya miaka 26 ili kuisahihisha.