Nyaya Nane Ukutani

Nyumba inayopashwa joto kwa pampu huficha maradhi yake. Unaweza kuingia sebuleni katikati ya Januari, ukakuta nyuzi 20, watoto wamevaa fulana, mama mwenye nyumba anakunja nguo kwa raha zake, na kumbe mashine ya nje imekufa tangu wiki iliyopita. Ndani ya kabati la kusukuma hewa mna hita ya umeme iliyowekwa kwa akiba, isaidie siku za baridi kali. Pampu ikilala, hita huamka. Joto la sebuleni linabaki vilevile, na kinachopanda ni bili, ambayo huja mwezi umeshakwisha.

Kwa hiyo anayetaka kumpima fundi wa themostati, kidude cha ukutani kinachoamuru joto, asimpime kwa joto la nyumba. Hata fundi mbovu nyumba yake hupata joto. Fundi hodari ni yule ambaye nyumba yake imepata joto kwa njia inayostahili, na njia hiyo haionekani kwa mwenye nyumba. Ipo ndani ya nyaya chache nyembamba na ndani ya menyu ambayo wengi hawataifungua kamwe. Kazi ya namna hii, ambayo ubora wake haujitangazi, ndiyo ninayoitukuza hapa.

Ninaishi Lexington, katika jimbo la Kentucky, mji ambao Kiswahili utakisikia kwenye maduka, makanisani na kwenye korido za shule, hasa kwa Wakongo waliotoka Uvira, Fizi na Bukavu, wengi wao baada ya miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Pampu ya joto ni kitu cha kawaida hapa. Nje ya nyumba kuna boksi kubwa lenye feni, ndani kuna kabati la hewa, na kutoka hapo mabomba ya bati hupita chini ya sakafu au juu ya dari mpaka kila chumba. Mashine ileile inayopoza nyumba Julai ndiyo inayoipasha joto Januari. Familia ikikabidhiwa funguo huonyeshwa jiko, choo na sanduku la barua. Kile kidude cha ukutani, chenye ukubwa wa kiganja, huelezwa kwa sentensi moja: bonyeza hapa ukitaka joto.

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika ana haki ya kuuliza joto hilo linatoka wapi ikiwa nje maji yameganda. Linatoka hukohuko nje. Hewa ya nyuzi sifuri bado ina joto ndani yake, ila ni joto la kiwango cha chini. Gesi inayozunguka kwenye mashine, ikiachiwa ipanuke, huwa baridi kuliko hewa hiyo, hivyo joto la nje huingia ndani ya gesi. Kompresa huibana, gesi hupata moto, na ikifika kwenye kabati la ndani huachia joto lake. Friji ya jikoni hufanya hivyohivyo: inatoa joto ndani na kulimwaga nyuma, na ndiyo maana mgongo wake una moto. Lord Kelvin alieleza wazo la kupasha majengo joto kwa njia hii mwaka 1852, na miaka michache baadaye Peter von Rittinger alilitumia kukaushia chumvi huko Ebensee, Austria. Faida ya pampu ni hesabu tu. Siku ya nyuzi 8, pampu nzuri hutumia yuniti 1 ya umeme na kuleta ndani joto la yuniti 3 au zaidi, kwa kuwa haitengenezi joto, inalihamisha. Hita ya akiba ikitumia yuniti 1 hutoa joto la yuniti 1, basi.

Mkononi mwa themostati ndimo uamuzi ulimo: nani afanye kazi saa hii, pampu au hita. Niliona jinsi uamuzi huo unavyopandikizwa nilipomtazama fundi mmoja, mtu wa Uvira ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, akibadilisha themostati ya mama mmoja jirani yangu. Alianza kwa kuzima breka mbili, ya kabati la ndani na ya mashine ya nje. Kisha akabandua uso wa themostati ya zamani, na kabla hajagusa skrubu hata moja akapiga picha kwa simu. Halafu kila waya akaufunga kikaratasi chenye herufi ya skrubu ulikotoka: R, C, Y, G, O, W2. Nyaya sita zilikuwa kazini, mbili zilikuwa zimeviringishwa nyuma kwenye tundu, hazina kazi. Nane kwa jumla, zote ndani ya kebo moja ya kahawia.

Rangi hakuziandika. Kwa desturi waya wa R huwa mwekundu, wa Y njano, wa G kijani, lakini desturi hiyo hailindwi na mtu. Aliyejenga nyumba huenda aliishiwa kebo, akaunganisha nyingine darini, na kijani ikatokea upande wa pili ikiwa bluu. Fundi wetu alikwenda mpaka kwenye kabati la hewa, akafungua mlango wake, akasoma herufi za bodi ya umeme iliyomo, moja baada ya nyingine, na kuzilinganisha na picha. Ilimchukua muda mrefu kuliko kazi ya ukutani yenyewe. Mwingine asingekwenda, na mara nyingi asingedhurika. Lakini humo ndimo alimogundua kwamba waya wa W2, ule wa kuita hita, ulikuwa umeshikwa na skrubu kwenye ganda lake la plastiki, shaba haijagusa chochote. Akauchuna upya, urefu wa ukucha, akaukaza, akauvuta kidogo kwa vidole viwili kuhakikisha haung'oki.

Umeme unaopita humo ni volti 24 tu, hauui. Hata hivyo R ikigusana na C ukiwa umewashwa, fyuzi ndogo ya bodi, ya ampea 3 au 5, hukatika papo hapo, na nyumba nzima hunyamaza. Mwenye haraka hulaumu themostati mpya na kuirudisha dukani, kumbe kilichokufa ni kipande kidogo cha plastiki kinachouzwa hata kwenye maduka ya vipuri vya magari.

Waya unaohitaji akili kuliko yote ni O. Ndani ya mashine ya nje mna vali inayogeuza mwendo wa gesi, ili joto liende ndani au litoke nje. Watengenezaji wengi huipa vali hiyo umeme wakati wa kupoza, na waya wake huitwa O. Wachache, Rheem na Ruud wakiwa wanajulikana zaidi kwa hilo, wameipa umeme wakati wa kupasha joto, na waya huitwa B. Themostati za siku hizi zina skrubu moja kwa yote mawili, na humwachia fundi aamue kwenye menyu. Akikosea, nyumba itapuliziwa baridi Januari. Na hapo ile hita ya akiba itajitosa kupambana na pampu, moja inapoza na nyingine inachoma, zote mbili zikila umeme wa mtu mmoja. Fundi hakubahatisha. Alitoka nje kwenye baridi, akapangusa bamba la mashine kwa mkono wa jaketi, akasoma jina na namba ya modeli, akarudi.

Kabla ya kufunga bati la themostati mpya aliziba lile tundu la nyaya kwa kipande cha sponji. Upepo unaopita ndani ya ukuta hutokea mgongoni mwa kifaa na kukidanganya, kikadhani chumba kina baridi. Mahali penyewe palikuwa pazuri: ukuta wa ndani, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na dirisha, jiko na taa. Alitumia pimamaji kulinyoosha bati, ingawa kwa kifaa hiki ni kwa ajili ya macho tu. Zamani haikuwa hivyo. Themostati ya mviringo ya Honeywell, ile ya 1953 iliyosanifiwa na Henry Dreyfuss, ilikuwa na kichupa cha zebaki ndani, na ikipinda kidogo ukutani, zebaki ilifika mapema au ikachelewa, na nyumba nzima ikakosa kipimo.

Zamani zaidi kulikuwa na kifaa kisichoamua lolote. Warren Johnson, mwalimu wa chuo huko Whitewater, Wisconsin, alipata hataza mwaka 1883 kwa kifaa kilichopiga kengele chumba kikipata baridi, ili mtunza jengo akaongeze moto bila kuingia darasani kila mara. Uamuzi ulibaki kwa mtu aliye kwenye tanuri. Leo hakuna mtu kwenye tanuri, kwa hiyo busara yake lazima iwekwe ndani ya kifaa mapema, siku ya kukifunga, na anayeiweka ni fundi.

Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Kifaa kimewaka, kimeonyesha namba, hewa inavuma, malipo yanapokelewa. Menyu ya fundi haipo mahali pa wazi, na maswali yake yanachosha. Mfumo ni pampu au tanuri? Ukijibu tanuri kwa kuteleza kidole, themostati yaweza kuiamuru hita peke yake msimu mzima, na nyumba itakuwa na joto zuri kabisa. Hita ni ya umeme au ya gesi? Kompresa ipumzike dakika ngapi kabla ya kuwashwa tena? Aliweka tano, maana kompresa inayowashwa gesi ikiwa bado imebanwa huumia. Kisha swali ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa kazi nzima: hita ya akiba isiruhusiwe kuwaka nje pakizidi nyuzi ngapi? Kifaa kilitoka kiwandani bila kikomo. Fundi aliuliza ukubwa wa nyumba, akatazama madirisha, akauliza kama usiku wa baridi ya Desemba pampu ilikuwa inashindwa, ndipo akaandika 35 za Farenhaiti, sawa na kama nyuzi 2 za Selsiasi. Juu ya hapo pampu itajitegemea. Hita ya kilowati 10 ikinyimwa nafasi ya kuwaka saa 4 kila siku kwa mwezi, ni yuniti 1,200 za hita ambazo hazijaandikwa kwenye bili.

Ndipo akawasha. Mama akaenda kwenye tundu la hewa sakafuni, akaweka kiganja.

"Fundi, mbona hewa ni ya baridi?"

"Subiri kidogo, mama." Akatumbukiza kipimajoto kwenye tundu, wakangoja pamoja. "Soma mwenyewe."

"Thelathini na nne."

"Na chumba kina kumi na nane. Hewa ya thelathini na nne ikikuvumia mkononi utaiona baridi, kwa sababu mwili wako ni thelathini na saba. Pampu haichomi, mama. Inaleta kidogo kidogo, bila kukoma. Ukiona inavuma muda mrefu usiogope, ndivyo inavyotakiwa."

"Na ile ya dharura? Mtoto huniwashia nikisikia baridi."

"Hiyo inazima pampu kabisa, inabaki hita peke yake. Mwambie asiiguse mpaka siku mashine ya nje itakapoharibika."

Mazungumzo hayo sijayaona kwenye kijitabu chochote cha maelekezo kwa Kiswahili, na nayahesabu kuwa sehemu ya ufundi sawa na kuchuna waya. Alimweleza pia asishushe namba sana usiku akidhani anaokoa. Ukishusha nyuzi nyingi, asubuhi themostati itaona pengo kubwa, itaita hita ilizibe, na kilichookolewa usiku huliwa kabla ya chai. Nyuzi moja au mbili zinatosha, au namba iachwe palepale. Na akamtahadharisha kwamba asubuhi za unyevu mashine ya nje huota barafu, hujigeuza kwa dakika chache kuiyeyusha, na hutoa mvuke mwingi ambao majirani wapya hudhani ni moshi. Wakati huo hewa ya ndani ingekuwa baridi kweli, isipokuwa bodi ya nje hutuma ishara kwa waya wa W2 na hita hutuliza hali. Ni ule ule waya ambao shaba yake haikuwa imegusa chochote.

Hakuondoka baada ya nyumba kupata joto. Alijaribu kupoza kwa dakika chache, Januari hiyohiyo, kuona kama vali inageuka. Akasubiri, akarudisha joto. Akafungua kabati, akaubana waya mnene wa hita kwa mita yake ya umeme: sifuri. Pampu ilikuwa peke yake kazini. Kipimo hicho kimoja ndicho ushahidi ambao joto la sebuleni haliwezi kuutoa, na fundi asiyekichukua hajui kama amemaliza.

Mwisho akakata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, vali ni O, kikomo cha hita 35, mapumziko ya kompresa dakika 5, W2 umechunwa upya, nyaya mbili za akiba zipo nyuma ya themostati. Akakibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati la hewa, juu ya bodi, mahali ambapo fundi atakayefuata lazima atazame.