Mwanya wa Bujingijila: jinsi msitu unavyounganishwa upya

Mkulima wa Ipyana, wilayani Kyela, hahitaji redio ili ajue kwamba mvua imenyesha Rungwe. Mto humwambia mapema. Maji hugeuka rangi yakawa kama chai ya maziwa, na muda si mrefu majaruba ya mpunga yaliyo bondeni huanza kujaa. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani hadi Ziwa Nyasa, hivyo kinachofanywa juu kwa panga na kiberiti huifikia Kyela kikiwa tope. Mvuvi naye ana lake: samaki aitwaye mbasa hupanda mito wakati wa mvua kutaga mayai kwenye changarawe, na changarawe iliyofunikwa na tope haifai tena kwa kazi hiyo.

Juu huko ndiko iliko Bujingijila, mwanya mwembamba kati ya misitu miwili. Upande mmoja ni Mlima Rungwe wenye mita 2,960, msitu uliohifadhiwa tangu 1949 kwa ajili ya vyanzo vya maji na kupandishwa hadhi mwaka 2009 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Upande wa pili ni misitu ya Livingstone, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyotangazwa 2005. Kwenye ramani misitu hiyo karibu inagusana. Ukifika penyewe, unakuta miti mikubwa ilishakatwa na kuchomwa, na mahali pake pamejaa vichaka, makangaga na mashamba.

Mtu mwenye miguu yake huuvuka mwanya huo bila shida. Kipunji hawezi.

Kipunji ni tumbili wa rangi ya kahawia na kijivu, mwenye kishungi kichwani na mlio unaofanana na mbweko wa pua. Wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu kwa jina hilo zamani, ila wageni walidhani ni mnyama wa hadithi. Mwishoni mwa 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walimwona kwa macho yao. Alitangazwa kisayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jenasi mpya ya tumbili haikuwa imeonekana Afrika tangu 1923. Sensa iliyochapishwa 2008 ilihesabu kipunji 1,117 duniani kote, wote wakiwa Tanzania: wengi Rungwe na Livingstone, wachache msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Eneo walilolitumia halikuzidi kilomita za mraba 18.

Maisha ya kipunji yako juu ya matawi, na matawi yakikatika safari yake imekatika. Makundi ya Rungwe yakitengwa na ya Livingstone, kila upande huzaliana wenyewe kwa wenyewe, na ugonjwa au njaa ya msimu mmoja huweza kufuta kundi ambalo halina pa kupata damu mpya. Ndiyo maana kipande hiki kidogo cha ardhi kilipewa kipaumbele katika kurudisha msitu.

Swali la kiufundi ni hili: mbona msitu haukurudi wenyewe, ilhali mvua Rungwe ni tele? Adui wa kwanza ni moto wa kiangazi. Unaua miche midogo, lakini makangaga huchipua upya kwa sababu mizizi yake imejificha ardhini. Makangaga ndiyo adui wa pili: yakishasongamana, mbegu inayodondoka huangukia juu ya majani makavu na haiugusi udongo. Wa tatu ni ukosefu wa mbegu zenyewe. Miti ya matunda makubwa hutegemea ndege na wanyama kusambazwa, nao hawana haja ya kwenda mahali pasipo na mti wa kutua.

Kwa hiyo kazi huanza na miti ya kutangulia, inayostahimili jua kali na kukua upesi. Mmoja wao ni Macaranga capensis, ambao una faida mbili: kivuli chake hudhoofisha makangaga, na ni chakula cha kipunji. Miti ya msitu mkomavu hufuata chini ya kivuli hicho. Hapa kitalu ndicho kinachoamua. Mbegu za Prunus africana, kwa mfano, hupoteza upesi uwezo wa kuota zikiwekwa. Inabidi zipandwe mara baada ya kuvunwa. Miche hukaa kwenye viriba chini ya chanja, kisha kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili ikomae kabla ya kupelekwa mlimani mvua zinapoanza.

Wengi hupiga picha siku ya kupanda, na kazi nzito huanza siku inayofuata. Kila mche hupaliliwa kwa duara kuuzunguka, makangaga hufyekwa tena na tena, na njia za moto husafishwa kabla ya kiangazi kukolea. Mche uliojiotea wenyewe unapogunduliwa katikati ya vichaka huwekewa alama ya kijiti ili mfyekaji asiukate. Huo una thamani zaidi kuliko wa kitalu, maana mizizi yake haikuguswa. Misonobari ingemea haraka zaidi na kuuzika, ila haimlishi kipunji. Kwa jirani anayehitaji kuni na nguzo, miti ya kupandwa shambani kwake ndiyo inayompunguzia sababu ya kuingia hifadhini.

Je, imefaa? Sensa iliyochapishwa 2022 ilipata kipunji karibu 2,000. Ongezeko hilo haliwezi kuandikwa lote kwenye hesabu ya miche, kwa kuwa doria, kuondolewa kwa mitego na elimu vijijini vilifanyika sambamba. Mwanya wenyewe una kipimo chake: matawi ya Macaranga yapandane kutoka ukingo hadi ukingo, na mlio wa kipunji usikike katikati, mahali ambapo kwa miaka mingi palisikika upepo kwenye makangaga tu.