Nusu Pointi ya Meza ya Nne

Katika sataranji ya timu, nahodha ana maneno ya kuhesabika. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIDE, zinamruhusu kumwambia mchezaji wake atoe sare, akubali sare, au akubali kushindwa. Basi. Mchezaji akimwuliza kama aipokee sare aliyopewa, nahodha hujibu ndiyo, au hapana, au humwachia mwenyewe aamue. Juu ya kete zilivyokaa ubaoni hasemi neno, na hata hayo machache anayoruhusiwa lazima yatokane na hali ya mechi nzima, si na ubao ulio mbele ya kijana wake. Wacheza bao wa kibarazani wataona hiyo ni adhabu. Kwao kila mtazamaji ni kocha, na anayenyamaza huulizwa kama anaumwa. Huku nahodha husimama nyuma ya viti, mikono mgongoni, akijua kuwa sehemu kubwa ya kazi yake aliimaliza jana usiku.

Mashindano ninayoyazungumzia ni ya vyuo vikuu vya Amerika, yaitwayo Pan-American Intercollegiate. Yalianza mwaka 1946, na huchezwa mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, wanafunzi wakiwa likizo. Kila timu ina wachezaji wanne, na inaweza kuwa na akiba wasiozidi wawili. Raundi ni sita. Mechi moja ina pointi nne, moja kwa kila meza. Sare humpa kila mmoja nusu. Ukipata mbili na nusu umeshinda, na ushindi huo katika msimamo ni sawa na wa aliyefagia zote nne. Pointi za meza moja moja hukumbukwa baadaye tu, timu zinapolingana.

Hesabu hiyo ndogo inabadilisha mchezo wote. Mchezaji anayejichezea mwenyewe hutafuta hatua bora ubaoni. Mchezaji wa timu hutafuta hatua ambayo timu inaihitaji saa hiyo, na mara nyingi si ile ile. Anaweza kuwa na nafasi nzuri ya kushambulia, farasi wake wawili wamekaa vizuri karibu na mfalme wa mwenzake, kisha ikabidi akubali sare kwa sababu meza mbili zimeshaleta ushindi. Kijana wa miaka ishirini kuiacha nafasi ya namna hiyo, na kuiacha haraka bila kununa, ni jambo linalofundishwa. Haliji lenyewe.

Mpangilio wa meza nao una sayansi yake. Mwenye nguvu zaidi hukaa meza ya kwanza, na wenzake humfuata kwa viwango vya Elo, namba zinazopima nguvu ya mchezaji. Timu moja hupewa kete nyeupe katika meza ya kwanza na ya tatu. Nyingine hupata nyeupe katika ya pili na ya nne. Anayeanza, yaani mwenye nyeupe, hupata, kwa wastani wa michezo mingi, kama asilimia 54 ya pointi, kwa hiyo rangi si jambo la kupuuza. Mpangilio ukishawasilishwa hauguswi. Hata hivyo nahodha amebakiwa na mlango mmoja mdogo: akimpumzisha mchezaji, walio chini yake husogea juu meza moja moja, na akiba huingia mwishoni. Mwache wa pili alale. Wa tatu anapanda meza ya pili, wa nne anapanda ya tatu, na wote wawili wamebadilishiwa rangi. Anayetazama kwa mbali atadhani kijana amechoka. Kumbe nahodha ameona mpinzani wa kesho hapendi kucheza na mtu fulani mwenye nyeusi, naye amempeleka huyo huyo.

Nikienda kutazama mechi za namna hii, siendi meza ya kwanza. Huko wamejazana watu tayari. Mimi husimama meza ya nne. Nyota, hata awe bingwa wa namna gani, hawezi kuleta zaidi ya pointi moja. Ile moja na nusu iliyobaki lazima itoke kwa wengine, na aghalabu kipande chake cha mwisho hutoka kwa yule wa mwisho katika orodha. Mara nyingi ndiye anayebaki ukumbini wakati meza za jirani zimeshafunikwa.

Chukua hali ambayo hutokea tena na tena. Wenzake wameleta pointi mbili. Yeye amebaki na ngome na mfalme, mpinzani ana ngome, mfalme na kitunda kimoja cha ziada kinachotembea kwenda kuwa malkia. Nusu pointi inatosha. Asiyefundishwa hutishika na kuanza kumfukuza mfalme wa adui mapema, akapoteza. Aliyefundishwa anakumbuka Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa muziki: weka mfalme wako mbele ya kitunda, iweke ngome yako mstari wa tatu kutoka upande wako, kisha tulia. Ngome hiyo inamzuia mfalme wa adui kuvuka. Isogeze kushoto, irudishe kulia, na mpinzani akifikiri hujui unalolifanya, vizuri zaidi. Akishakata tamaa na kukisukuma kitunda hadi kwenye mstari huo huo, ngome yako inashuka hadi mwisho wa ubao upande wa pili na kuanza kumpiga mfalme wake kutokea nyuma. Hana tena pa kujificha, maana kitunda chenyewe kimemtangulia. Sare. Kinachonistaajabisha ni subira ya kusogeza ngome huku na huku bila kufanya lolote, saa ikila, baada ya saa nne za kukaa kitini.

Fedha imeingia humu, na wapo wanaonung'unika. Vyuo kama UMBC cha Maryland na University of Texas at Dallas vilianza zamani kutoa ufadhili kwa wachezaji. Mwaka 2012 Susan Polgar, bingwa wa zamani wa dunia wa wanawake, alihama na wachezaji wake kutoka Texas Tech kwenda Webster University, na Webster ikatwaa fainali ya vyuo vinne bora vya Marekani mara tano mfululizo, 2013 hadi 2017. Miongoni mwa vijana wake walikuwa Wesley So na Le Quang Liem. Kwangu mimi hilo halijaharibu kitu. Pesa humnunua mtu wa meza ya kwanza. Kuwafanya wanne wacheze kama timu ni kazi nyingine.

Tena ratiba haiwatengi matajiri. Katika raundi ya kwanza nusu ya juu ya orodha hupangwa na nusu ya chini, na hapo chuo kidogo hukutana na mabingwa. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016, alikwenda kusoma katika chuo cha namna hiyo, Northwest University cha jimbo la Washington, mwaka uliofuata na kuichezea timu ya chuo hicho.

Katika timu ndogo nahodha naye huwa mchezaji. Hao ndio nawavulia kofia. Anasogeza kete, anabonyeza saa, anaandika hatua yake, anainuka kupita meza za wenzake akijumlisha kichwani: hapa nusu, pale labda moja, kule tumekwisha. Mwenzake anamnong'oneza kwamba amepewa sare, mwamuzi akisikia. Ana sekunde chache za kuamua kwa niaba ya wanne, wala haruhusiwi kueleza kwa nini. Anasema hapana. Akirudi kitini kwake anakuta mpinzani ameshacheza zamani, na dakika zake tatu zimeliwa.